Medali za Mzee Khalfani

Siku Mzee Khalfani anazikwa, mwanawe Nassibu alilia kuliko watu wote pale makaburini, mpaka ikabidi ashikwe mabega asije akaingia shimoni na marehemu. Siku ya nne alileta mnunuzi wa nyumba.

Mnunuzi alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani ya jua na tepu ya kupimia. Alipima uwanja, akagonga ukuta wa sebule kwa kifundo cha kidole, akachungulia choo na kutoka upesi. Somoe, binti wa marehemu, alikuwa kibarazani anachoma vitumbua, maana matanga yalikuwa yameshaanuliwa na wateja wa asubuhi hawajui habari za msiba. Aliuliza yule bwana ni nani. Nassibu akajibu ni rafiki yake.

"Rafiki gani anapima chumba ninacholala?"

"Dada, usianze. Anataka kujenga gesti. Anatoa milioni sitini, taslimu, hataki hata risiti."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba vinne na kifremu kitupu cha biashara mbele, Mtoni, hatua chache kutoka Barabara ya Kilwa, na mabati yake yalikuwa na kutu ya tangu Nassibu hajatahiriwa. Somoe alirudi kuishi pale miaka kumi na moja iliyopita, alipoachika, akiwa na binti yake Najma na mabegi mawili. Mzee alipopooza upande mmoja, yeye ndiye aliyemwosha, aliyemlisha uji, na aliyegombana naye kila jioni juu ya rimoti ya televisheni. Nassibu alikuwa anakuja Idi mbili na siku ambazo hana nauli ya kurudi kwake Keko, alikokuwa na karakana ya useremala.

Mgawo wa mirathi Somoe aliujua na hakuwa na ugomvi nao: mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Ugomvi wake ulikuwa na jiji. Kwa milioni ishirini mtu hapati nyumba Dar es Salaam siku hizi. Anapata kiwanja huko ambako nguzo za umeme zimelala chini zinasubiri awamu ijayo, na huko hakuna mtu wa kununua vitumbua, labda nyani.

"Tusubiri arobaini ya baba," alisema, akageuza vitumbua vyake.

"Tusubiri," alikubali Nassibu, akachukua vitatu na kuondoka bila kulipa.

Kopo lilionekana wiki iliyofuata, juu ya kabati, nyuma ya feni mbovu. Lilikuwa kopo la biskuti lenye picha ya mwanamke wa Kizungu anayetabasamu kwa sababu ambazo hakuna aliyewahi kuzijua, na ndani yake mlikuwa na vipande ishirini na sita: medali na sarafu za ukumbusho, kila kimoja kimefungwa kwenye kitambaa chake.

Mzee Khalfani alikuwa mhudumu wa ofisi ya serikali kwa miaka thelathini na moja. Kazi yake ilikuwa kupika chai na kupeleka mafaili. Kila palipokuwa na sherehe, kuzinduliwa kwa hiki, kutimia miaka kumi ya kile, wakubwa walipewa medali na sarafu za kumbukumbu ndani ya vikasha vya mahameli. Wakubwa walivisahau mezani pamoja na soda walizozinywa nusu. Mzee Khalfani alimalizia soda, akatia medali mfukoni. Idi ikifika alizipanga juu ya kitambaa cheupe na kuwasimulia wanawe kila moja alivyokabidhiwa mkononi, kwa makofi, na hakuna mtoto aliyethubutu kuuliza kwa nini serikali ilimpongeza mpika chai kwa uzalishaji wa pamba.

Nassibu alizipiga picha kwa simu, akaenda nazo Keko kwa rafiki yake Rogers. Huyu Rogers alikuwa dalali. Alishawahi kuuza viwanja, makochi, injini ya boti, na mara moja jeneza la maonyesho ambalo fundi aliliweka mbele ya karakana yake ili kuvutia wateja. Rogers alizikuza zile picha kwa vidole viwili, akatikisa kichwa kama daktari.

"Braza," alisema mwishowe, "unajua umekalia nini?"

"Nini?"

"Hizi wazungu wanazitafuta kama dawa. Juzi kuna moja tu, tena mbovu, imeenda kwa dola elfu tano, nakuonyesha video sasa hivi. Hapo una milioni tisini. Ukimpata mwendawazimu, mia na ishirini."

Tangu siku hiyo yule bwana wa tepu hakuonekana tena Mtoni, na Nassibu akawa mpole wa kutisha. Alikuja Jumapili na tikiti maji. Alimwamkia dada yake shikamoo mara mbili kwa ziara moja.

"Dada, nimefikiria sana," alisema. "Nyumba ya baba ina baraka zake. We ndo ulimuuguza. Chukua nyumba yote, mie niachie vile vichuma vya mzee. Kumbukumbu tu."

Somoe alimtazama mdogo wake. Alimjua tangu alipokuwa analambishwa asali. Nassibu hakuwahi kutaka kumbukumbu maishani mwake. Saa ya marehemu mama yao aliiuza kabla ya tanga la tatu.

"Zipimwe kwanza," alisema Somoe.

"Zipimwe za nini? Vichuma!"

"Kama ni vichuma, upimaji hautaumiza mtu."

Nassibu alikata tikiti lake vipande vikubwa, akala zaidi ya nusu.

Najma, ambaye alikuwa msusi na simu haikumtoka mkononi hata anaposuka, alishaziona zile video za sarafu na dola. Alimwambia mama yake wazi: mjomba anajua kitu. Na hapo Somoe naye akaingiwa na tamaa, ya adabu lakini ni tamaa. Alipiga hesabu. Yeye akipata milioni arobaini tu kwenye fungu lake la medali, anampa Nassibu fungu la nyumba mkononi, wanaachana salama, naye anakufa akiwa ameangalia dari lile lile alilozoea. Hakutaka zaidi ya hapo.

Najma alimpata mtaalamu kwenye kundi la wakusanyaji sarafu la simu: Mwalimu Adelard, mstaafu, anakaa Madale, hapokei malipo ya kutazama. Alitaka wafike Alhamisi.

Jumatano Somoe alishusha masinia ya shaba ya marehemu mama yake, kwa ajili ya hitima ya arobaini. Aliyasugua kama alivyofundishwa na kama alivyofundishwa aliyemfundisha: ukwaju, majivu ya jikoni, chumvi kidogo, na nyuzi za mnazi. Masinia yakang'aa. Mgeni haonyeshwi shaba chafu, hilo katika nyumba ile lilikuwa karibu na dini. Na alipolitupia jicho kopo akaona haya kupeleka kwa mwalimu wa watu vitu vyeusi vile, vyenye ukungu wa kijani kwenye herufi. Akavimwaga vyote ishirini na sita kwenye beseni la ukwaju. Alivisugua kimoja kimoja, mbele na nyuma, kwa mikono miwili, saa mbili nzima, akimwombea baba yake.

"Ona," alimwambia Najma alipomaliza. "Kama zimetoka kiwandani leo."

Kwa Mwalimu Adelard kulikuwa mlimani, nyumba kubwa yenye rangi ya maziwa na mbwa aliyebweka bila kupumzika. Mkewe, Mama Avelina, aliwaletea maji na karanga. Mwalimu mwenyewe alikuwa Mhaya mwembamba mwenye suruali ya kamba mbili za mabegani, na alipozungumza alitua kila baada ya maneno matatu ili aliyebaki nyuma amfikie. Alitandika kitambaa cha bluu mezani. Akavaa glavu nyeupe. Akavaa miwani juu ya miwani.

"Karibuni," alisema. "Tuone alichotuachia mzee."

Somoe alifungua kopo na kusogea nyuma kidogo, kama anayefunua sufuria ya pilau mbele ya wageni.

Mwalimu alitazama. Akavua miwani ya juu. Akavua na ya chini.

"Mama," alisema polepole, "hizi... nani amezifanya hivi?"

"Nimezifanya mimi, Mwalimu," alijibu Somoe kwa furaha. "Kwa ukwaju."

Mwalimu alikaa. Mama Avelina alimletea maji na yeye. Ikawa ni Najma aliyelazimika kuuliza kuna nini, maana mama yake alikuwa bado anatabasamu.

Mwalimu Adelard alieleza kwa utaratibu, kama ambaye wanafunzi wake wamefeli wote. Mkusanyaji hanunui mng'ao. Ananunua umri. Ule weusi ndio cheti cha umri, na ukiuondoa unakwangua na uso wa chuma pamoja nao. Alinyanyua kipande kimoja kwa ncha za vidole. Ilikuwa medali ya fedha ya kufunguliwa kwa kiwanda kimoja cha nguo, kiwanda ambacho siku hizi ni ghala la mabegi ya mtumba.

"Hii walitengenezewa wageni rasmi tu. Thelathini. Mimi nimeitafuta miaka tisa." Aliielekeza kwenye mwanga, mikwaruzo ikaonekana imezunguka kama nyayo za kuku. "Ungeniletea ilivyokuwa, ningekulipa milioni moja na nusu hapa hapa, mke wangu ashuhudie."

"Na sasa?"

"Sasa ni fedha ya kuyeyusha, mama. Elfu themanini."

Vilivyobaki vingi vilikuwa shaba na nikeli, vya kawaida, vingesuguliwa au visisuguliwe. Mwalimu aliandika orodha kwa mwandiko mzuri, akajumlisha chini, akapiga mstari mara mbili: shilingi laki tatu na themanini elfu. Akatia sahihi, na kwa kuwa alikuwa mwalimu akaweka na tarehe.

Somoe alisema ahsante. Alifunga kopo. Hakulia pale, alilia getini, na mbwa akanyamaza kwa heshima. Hakuwa anaililia ile milioni moja na nusu, ambayo isingemfikisha popote. Alijililia yeye na ile kazi aliyoifanya kwa mapenzi saa mbili nzima.

"Mama," alisema Najma walipokuwa wakiteremka kutafuta bajaji, "nyamaza nikwambie. Mjomba anadhani zina mamilioni."

"Najua."

"Anataka zote, atuachie nyumba. Kesho kutwa, mbele ya ustadhi."

"Najua, Najma."

"Basi we kaa kimya. Hujamwibia. Yeye ndo anakuibia, ila anaiba vibaya."

Somoe alisimamisha bajaji. Njia nzima alikuwa na karatasi ya mwalimu kwenye sidiria, na ilimkera kama sindano iliyosahauliwa kwenye nguo. Alikuwa na njia mbili. Akisema, Nassibu atarudisha bwana wa tepu na nyumba imekwenda. Akinyamaza, nyumba ni yake. Alijaribu kujishawishi kwamba kunyamaza si kusema uongo. Alikaribia kufanikiwa kabisa, ila kila alipofika mwisho wa hoja alimwona baba yake anamalizia soda ya mtu na kusema amepewa.

Arobaini ilisomwa vizuri. Ustadhi Farhan alikuwa na arobaini nyingine Mbagala saa kumi, kwa hiyo dua ilikwenda mbio na pilau ikafika mapema. Masinia yalisifiwa. Baada ya kunawa mikono, wageni wa mbali waliondoka, wakabaki wanafamilia, majirani wawili wa kushuhudia, na Rogers, aliyekuja na suti na kujitambulisha kama mshauri.

"Haya," alisema Ustadhi akitazama saa, "kuna nyumba na kuna hili kopo. Nassibu ananiambia mmeelewana. Mrithi anaweza kuridhia kitu kimoja akaachia kingine, sheria haikatazi, ila kila mtu ajue anachokichukua. Bi Somoe?"

Najma alimbana mama yake kwa kiwiko. Somoe alitazama masinia yaliyoegemezwa ukutani, yanang'aa.

"Nassibu," alisema. "Nilikwenda kuzipima. Ni laki tatu na themanini. Zote."

Najma alifumba macho.

Rogers akacheka kidogo puani, Nassibu akamtazama, naye akaanza kucheka, kicheko kikapanda mpaka ikabidi ashike goti la jirani.

"Laki tatu!" alisema. "Dada! Umenishinda. Ungesema hata milioni tano ningeingia mkenge."

"Nina karatasi ya mtaalamu."

Aliitoa. Rogers aliipokea kwa ncha za vidole, akaisoma, akamnong'oneza Nassibu kwa sauti ya kusikika na mtaa mzima. "Mnunuzi huyo, braza. Kaandika bei ndogo ili azichukue yeye. Ndo mchezo wao. Kama ni takataka, mbona kahesabu moja moja?"

"Nassibu mdogo wangu, Wallahi, hazina kitu."

"Dada, mbona sasa unaapa? Kama hazina kitu, unanizuia nini?"

Ustadhi Farhan alimuuliza Nassibu mara ya kwanza kama amesikia bei aliyoitaja dada yake. Amesikia. Akamuuliza mara ya pili kama ameridhika kuachia nyumba. Ameridhika. Alipomuuliza mara ya tatu Nassibu alikuwa ameshachukua kalamu. Ustadhi, ambaye alishazoea ndugu kurudi baadaye na mashoka, aliandika kila kitu, hata ile laki tatu na themanini, majirani wakatia sahihi, na nakala ikatengwa kwa ajili ya mahakama ya mwanzo. Nassibu alichungulia kopo, akaona mng'ao na kuuhesabu kama faida, akaondoka nalo kwapani. Alipofika mlangoni akarudi, akamkumbatia dada yake kwa huruma ya mshindi.

"Ukikwama kwa lolote," alimwambia, "usinionee haya."

Ilipita miezi mitatu. Somoe alipaka kibaraza rangi. Habari za Keko zilimfikia kwa vipande, kupitia wateja. Rogers alihitaji laki sita za cheti cha maabara, ili wazungu waamini. Nassibu akauza randa na mashine yake ya kukatia mbao. Rogers akahitaji laki mbili za kusafirisha picha. Picha zinasafirishwaje, hakuna aliyeuliza. Kisha simu ya Rogers ikawa haipatikani, na fundi wa lile jeneza akasema hata yeye anamtafuta. Nassibu alizungusha kopo kwa masonara wa mjini, na wa mwisho alimshauri apeleke kwa wanaonunua vyuma chakavu, tena awahi kabla hawajafunga. Mwenye fremu ya karakana yake naye akampa wiki moja awe amehama.

Alifika Mtoni asubuhi ya Jumanne, saa ya vitumbua. Alikuwa amekonda. Kopo alilivalisha mfuko wa rambo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Kaa."

Alikaa kwenye ngazi, akala vitumbua vitano akitazama barabarani. Somoe alimwonea huruma, na huruma hiyo ilimuudhi, maana alikuwa ameandaa maneno makali ya miezi mitatu na sasa hakuona pa kuyaweka.

"Ungenilazimisha nisikie," alisema Nassibu mwishowe.

"Kwa kitu gani, kwa mwiko? Nilikwambia mbele ya ustadhi. Nikaapa."

"Ndo maana! We lini uliapa kwa ajili ya kunisaidia?" Alijaribu kucheka, sauti ikakatika katikati, na mtu mzima yule akajifuta uso kwa kiwiko cha shati. "Sina pa kuweka hata benchi la kazi, dada. Mke wangu kaenda kwao. Fremu ya Keko kesho inafungwa."

Somoe alitia unga kwenye chuma, akangoja ufure. Kulikuwa na jambo ambalo hakuliapia wala hakulisema siku ile.

"Nassibu. Ile ya kiwanda cha nguo, ile ya fedha. Mwalimu alisema ingekuwa milioni moja na nusu."

Nassibu aligeuka. "Ingekuwa?"

"Niliisugua. Zote nilizisugua. Kwa ukwaju."

Alimweleza yote: beseni, majivu, saa mbili, Mwalimu anavua miwani mbili. Nassibu alimsikiliza mdomo wazi, kitumbua cha sita kimekwama njiani. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Somoe alidhani analia tena, kumbe ni kicheko, na safari hii kilikuwa kicheko chake cha zamani, cha utotoni.

"Miaka arobaini mzee kazificha kwenye vitambaa," alisema alipopata pumzi, "wewe umezimaliza asubuhi moja."

"Na wewe ukauza nyumba kwa nilichobakiza."

Walicheka mpaka mteja mmoja akajihudumia na kujirudishia chenji mwenyewe. Kisha Somoe akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema kwa ile sauti yake ya biashara:

"Fremu ya mbele iko wazi. Ingia na benchi lako. Elfu hamsini kwa mwezi, na vitumbua unalipia, na hivyo sita pia."

"Dada, hamsini? Kwenye nyumba ya baba?"

"Kwenye nyumba yangu. Una karatasi ya ustadhi? Mie ninayo."

Nassibu alikuna kichwa. Akatazama barabarani, akatazama mfuko wa rambo mapajani mwake, akausogeza taratibu mpaka kwenye miguu ya dada yake.

"Basi hii ni kodi," alisema. "Laki tatu na themanini. Kuna karatasi ya mtaalamu. Miezi saba na chenji."

Somoe aligeuza vitumbua vyake. Akachukua kopo.

Jioni Najma alilikuta kopo mezani. Vumbi la mbao za Keko lilikuwa limeingia mpaka ndani, na vanishi ilikuwa imemwagikia vipande kadhaa. Vingine vilishaanza kuwa vyeusi tena pembeni. Alivitazama, akacheka peke yake, akachukua beseni, akaelekea jikoni.

"Mama, ukwaju upo wapi? Nivioshe hivi."

"Najma," alisema Somoe kutoka chumbani, bila kuinua sauti, "gusa uone."